Mgeni kupiga hema porini bure nchi ya watu, ni haki yake au anajitwalia?

Mzururaji: Wakuu, tujadili hili. Kuna nchi ukitua na hema lako unaruhusiwa kulala porini bila kulipa, hata kama ardhi ina mwenyewe. Norway wana sheria tangu 1957, Sweden haki hiyo wameiingiza mpaka kwenye katiba, Finland nao wanayo. Sasa kuna watu wanadai mgeni asiitumie, aende kambi za kulipia awaachie wenyeji pori lao. Napinga kabisa. Haki ni ya kila mtu, siyo ya kila raia.

Kobe Mweusi: Sawa ila mkisikia bure mnaruka masharti. Norway hupigi hema karibu na nyumba ya mtu, mita 100 kama sikosei, na sehemu moja mwisho siku mbili.

Binti Mwendo: 150 siyo 100. Na hizo siku mbili ukiwa mbali na watu kule milimani unaweza kuzidisha.

Mzee wa Kambi: Nimefanya kazi kambi ya kulipia miaka mingi, nasema nilichokiona. Wengi wanaolala porini ugenini ni wabahili tu, nauli ya ndege umepata ya kulala umekosa? Halafu asubuhi pita walikolala, tishu nyuma ya kila jiwe. Uingereza kwenyewe watu wamepelekana mpaka Mahakama ya Juu kuhusu kulala kwenye hema Dartmoor, hifadhi ya taifa ya hukohuko, wapiga hema wakashinda Mei 2025, wenyeji wamehangaika hivyo halafu mgeni aje achafue?

Binti Mwendo: Mzee shikamoo lakini hilo la ubahili sikubali. Hema jepesi, mfuko wa kulalia wa baridi kali, jiko, umewahi kuuliza bei zake? Na kuhusu tishu usituchanganye wote. Mimi nina kajembe kadogo ka mkononi, nasogea hatua 70 au zaidi kutoka kwenye maji, nachimba sentimita 15 hadi 20, nikimaliza nafukia na udongo uleule, tishu naondoka nayo.

Kobe Mweusi: Ngoja kwanza. Unaondoka nayo wapi?

Binti Mwendo: Kwenye begi. Mfuko wa zipu, ndani ya mfuko mwingine mweusi, mfuko wa pembeni wa begi. Ikifika pipa la taka naitupa.

Kobe Mweusi: Dada hapana, yaani iko begi moja na chakula? Tishu si inaoza, fukia na yenyewe uendelee na safari.

Binti Mwendo: Haiozi haraka unavyodhani, hasa kwenye baridi au ukavu, na wanyama wanaifukua. Ndo hizo anazookota mzee.

Sauti ya Bara: Na kuna sehemu huko juu udongo ni kiganja tu chini mwamba, hapo unachimba nini? Unabeba kila kitu, na siyo tishu peke yake.

Mzururaji: Jamani mada ni haki ya mgeni siyo choo!

Mzee wa Kambi: Choo ndiyo mada yenyewe mwanangu. Haki hizi zinapunguzwa kwa sababu ya uchafu. Iceland tangu 2015 hulali kwenye gari nje ya kambi bila ruhusa ya mwenye ardhi. Uskoti sheria ya 2003 inakuruhusu hema, lakini hifadhi ya ziwa la Loch Lomond tangu 2017 kuna maeneo lazima kibali kuanzia Machi mpaka Septemba.

Binti Mwendo: Loch Lomond iko jirani na Glasgow, watu wa hukohuko wanajaa wikendi, mbona mzigo mnamtwisha mgeni? Na Iceland umetaja magari. Mwenye hema anatembea kwa miguu, mwenye gari anafika na friji na spika. Msituweke kapu moja.

Sauti ya Bara: Acha dharau, wenye magari tuna choo ndani. New Zealand wana sheria ya kulala nje tangu 2011 na wanakagua kama gari lina choo. Nyie wa mahema ndo mnashikwa uwanja wa ndege pale, hema lina udongo mkavu kwenye vigingi na mbegu za majani kwenye zipu, hamjatangaza kwa wakaguzi, faini.

Binti Mwendo: Mimi naosha vigingi kimoja kimoja kwa mswaki kabla ya kupanda ndege na hema natangaza, usinisingizie!

Kobe Mweusi: Mzururaji, swali. Umefika gizani, mvua, hizo mita 150 unazipima vipi?

Mzururaji: Sifiki gizani. Natafuta pa kulala jua likiwa bado lipo, naangalia nyumba zilipo kwenye ramani ya simu na kwa macho. Nikikuta mwenyeji namuuliza hata kama sheria hainilazimishi. Akisema sogea, nasogea.

Mzee wa Kambi: Hapo kwenye kumuuliza mwenyeji tuko pamoja. Sasa nijibu la tishu, unabeba au unafukia?