Mjadala: Plagini tumezizika kweli au tumezihamishia ndani ya brauza?

Kibatari (mleta mada)
Wakuu salaam. Kila nikikuta watu wanaongelea kifo cha Flash naona shangwe tupu, eti wavuti ilikombolewa, sa hivi video inacheza popote bila kuinstoli takataka. Mi nakubali nusu, nusu nyingine naona tulipigwa changa la macho.

Kwa waliokuja mjini juzi, zamani brauza ilikuwa haijui kucheza video yenyewe. YouTube ilivyoanza 2005 ilikuwa Flash ya Adobe mwanzo mwisho, Netflix nao kuanzia 2008 wakawa na Silverlight ya Microsoft kwenye kompyuta. Yani kampuni inakupa kiprogramu chake unakichomeka kwenye brauza, hiyo ndo plagini, ndani kuna nini hujui, kikiwa na tundu la usalama unamsubiri mwenye nacho azibe. iPhone ilikuja 2007 bila Flash, Steve Jobs akaandika barua yake ya kuisema Aprili 2010, Adobe wakaacha Flash ya simu 2011, na 31 Desemba 2020 wakaifunga jumla. Silverlight ikafuata Oktoba 2021. Mpaka hapo safi.

Sasa Septemba 2017 W3C, hao ndo wanaopanga viwango vya wavuti, wakapitisha kitu kinaitwa EME, ndo kinachofanya filamu za kulipia zicheze kwenye brauza bila plagini. Lakini EME yenyewe haifungui filamu, kazi yake ni kuongea na kidude kingine kinachofungua kufuli la filamu, kinaitwa CDM, na CDM ni mali ya kampuni: Widevine ya Google, PlayReady ya Microsoft, FairPlay ya Apple. Msimbo huuoni, ukiuchokonoa unashtakiwa. Yule mgeni asiyetaka kutaja jina tumemtoa barazani tukampa chumba ndani, alafu tunasema kaondoka?

Karibuni, matusi hapana.

Dogo Fundi
Mkuu inaonekana hukuwahi kukaa kwenye intaneti kafe upande wa pili wa kaunta. Mi nimekaa. Mteja anaingia, anafungua video, kinatokea kidirisha "Flash Player yako imepitwa na wakati, bonyeza hapa", anabonyeza, kumbe sio Adobe ni virusi, ikifika jioni mashine zote zina brauza yenye mistari ya matangazo minne hata ukurasa huuoni, nami ndo naanza kupiga Windows upya moja moja. Na Flash halisi nayo ilikuwa inaomba apdeti kila unapogeuka maana matundu hayaishi. Plagini za zamani zilikuwa zinaendeshwa na ruhusa zote za mwenye kompyuta, inaweza kusoma faili zako, kufuta, chochote. CDM ya leo kwenye Firefox inafungiwa kwenye kijumba chake haigusi faili zako, na ukitaka unaizima kwenye mipangilio. Usifananishe hivi vitu jamani.

Msee_wa_Ngara
Na laptop feni ilikuwa inalia kama inataka kupaa, video ya dakika tatu. Sikumiss hata kidogo 😂

Fundi Dishi
Kuna kitu hamjakigusa na ndo kikubwa kwa sisi wa bando. Striming ya Flash ya kizamani ilitumia njia inaitwa RTMP, inataka seva yake maalumu na mlango wake wa mtandao, namba 1935, ofisi nyingi mlango huo ulikuwa umezibwa. Apple 2009 wakaleta HLS, baadae 2012 ikaja DASH ambayo ni kiwango cha kimataifa. Wazo lake ni jepesi mpaka unashangaa: video inakatwa vipande vya sekunde chache chache, kila kipande kinawekwa kwa ubora tofauti, 240, 480, 720, alafu vinatumwa kwa HTTP ileile inayoleta picha na maandishi. Pleya inapima spidi, mtandao ukilegea inaomba kipande kijacho cha 240, ukikaa sawa inapanda. Ndo maana ukiwa kwenye daladala picha inakuwa ukungu kidogo badala ya kuganda. Na kwa kuwa ni faili za kawaida kampuni ya mtandao inaweza kuzitunza karibu na wewe, sio kila mtu aende kuzichota Ulaya. Kinachounga vipande ndani ya brauza kinaitwa MSE, nacho kilipitishwa na W3C, Novemba 2016, na hakuna aliyekigombania. Kwahiyo Kibatari ugomvi wako ni na kipande kimoja tu cha kazi nzima, sema hivyo.

Kibatari
Nasema hivyo. Ugomvi wangu ni EME, HLS sina shida nayo, naipenda.

Ila mjue hata W3C kwenyewe hawakukubaliana. Walipiga kura, waliokubali asilimia 58.4, waliokataa 30.8, waliobaki hawakuwa na upande. Kwa chombo kinachojisifia maafikiano hiyo ni aibu. Siku ileile kilipopitishwa EFF, wale wanaotetea haki za watu mtandaoni kule Marekani, wakajitoa uanachama.

MamaTunu
Kaka Kibatari na wewe tuambie mbadala ulikuwa nini. Wenye filamu ni studio, mikataba yao inasema bila kufuli hakuna filamu. W3C wangekataa, Netflix angekwambia pakua programu yangu, basi, na wavuti ungebaki wa kusomea magazeti. Mozilla wenyewe, wenye Firefox, watu wa huria kuliko wote, Mei 2014 walitangaza wanaiweka EME huku roho zinawauma kwa sababu mtu akikuta filamu haichezi Firefox anahamia Chrome siku hiyohiyo. Sio usaliti, ni kukubali hali ilivyo.

Alafu mnasahau watu wa Linux. Silverlight haikuwepo kwa Linux, kulikuwa na mbadala wake, Moonlight, ila haikuweza filamu zenye kufuli, watu walikuwa wanahangaika na viraka. Leo wanafungua Firefox wanaangalia.

Kibatari
Dada hapo kwenye studio sikupingi. Ila kuangalia nako wanaangalia kwa masharti ya nani? Widevine ina madaraja, L1 kufuli liko kwenye chipu ya simu, L3 ni programu tupu. Nina simu ya bei poa, kioo chake HD kamili, nimelipia kifurushi cha HD, ila ni L3, kwahiyo natumiwa picha ya 480 na hakuna popote niliposomewa hilo wakati nalipa. Ukitaka kujua yako pakua programu yoyote ya kuonyesha taarifa za DRM, yani hilo kufuli, angalia pameandikwa "Security Level". Wenye simu za laki mbili mtanikumbuka.

Na mwaka 2019 kuna msanidi mmoja alikuwa anajenga brauza yake ndogo, akaomba leseni ya Widevine, akasubiri miezi minne, jibu likaja hapana. Flash ya Adobe angalau brauza yoyote ilikuwa inaichomeka. Leo ukitaka kutengeneza brauza inayocheza filamu unapiga hodi kwa Google, ambae nae ana brauza.

Dogo Fundi
Hiyo ya mwisho umenibana. Sina jibu.

Fundi Dishi
Neno huria nalo tulipunguze. Hata H.264, mfumo wa kubana video unaobeba video nyingi, ina hataza za kulipia, Firefox waliigomea miaka, na 2013 Cisco wakajitolea kubeba gharama. Mfumo mwingine, AV1, ndo umekuja 2018 bila ada, nayo simu za chini nyingi hazina chipu yake, betri inaliwa.

MamaTunu
Haya Kibatari, tuseme tupo 2017 na kura unayo. Unaandika nini?

Kibatari
Naandika ndiyo kwa sharti moja, na sio langu, EFF walilileta mezani. Kwamba wanachama wote wa W3C waahidi hawatamshtaki mtu anayechokonoa CDM kutafuta matundu ya usalama au kumsaidia kipofu aipate filamu, maana Marekani sheria ya 1998 inaruhusu kumburuza mahakamani hata kama hajaiba chochote. Studio zisingepoteza senti. W3C walilikataa. Mwenye sababu ya maana ya kulikataa aiweke hapa.