Naomba ushauri: kuna mgeni sikumtarajia kwenye harusi yangu (Kigoma)

Kijana wa Katubuka:
Wakuu, habari za jioni. Nipo Kigoma mjini, miaka 31, naoa binti wa Kasulu. Mahari nimemaliza, ukumbi umelipiwa, tangazo la kwanza limesomwa kanisani Jumapili. Sasa kuna mtu wa upande wetu anataka kuja kutoka Rwanda. Sikumweka kwenye bajeti wala kwenye ratiba, na sijui nani kamtumia kadi. Ukweni hawamjui, akitokea shughuli inaweza kuingia dosari. Nimzuieje kistaarabu? Nijibuni mapema, usingizi umepotea.

Dagaa Mkavu:
Mwambie sahani zimeisha. Harusi yangu pale Mwanga walikula mpaka wapita njia, mgebuka niliouagiza Kibirizi mimi bwana harusi nikaambulia harufu.

Mtoto wa Ngara:
Mkuu, kama anatoka Rwanda asithubutu kupitia Bujumbura. Burundi ilifunga mpaka wake na Rwanda Januari 2024. Apite Rusumo, Benako, Nyakanazi, halafu Kakonko, Kibondo, Kasulu, ndiyo aingie Kigoma.

Kijana wa Katubuka:
Asante mkuu, ila mimi nataka asije.

Mama Wawili:
"Mtu wa upande wetu" ndiyo nani? Shangazi? Mzazi mwenzio? Anayekudai?

Kijana wa Katubuka:
Ni ndugu wa karibu dada. Kwani nikitaja ndiyo ushauri utabadilika?

Mama Wawili:
Utabadilika sana. Taja au tukalale.

Kijana wa Katubuka:
Ni mama yangu mzazi.

Dagaa Mkavu:
Narudisha maneno yangu ya sahani.

Kijana wa Katubuka:
Msinirukie kwanza. Baba alikuwa Mbembe wa Fizi, Kongo, mama ni Munyamulenge, yaani Mtutsi wa milima ya Kivu Kusini. Walikutana Minembwe baba akiwa mwalimu kule. Oktoba 1996 naibu gavana wa Kivu Kusini akatangaza Wanyamulenge wote waondoke ndani ya wiki moja. Mama akambeba dada yangu aliyekuwa bado ananyonya, akafuatana na kaka zake. Baba akanichukua mimi tukashuka Baraka, tukavuka ziwa usiku kwa boti la mbao. Alinifunga kifuani kwa kitenge cha mama, kinanuka samli, na kila nikitaka kulia ananiziba mdomo nacho. Tukaishia Nyarugusu, hapa Kasulu, wao wakaishia Kiziba, Rwanda. Kambi zote mbili zilifunguliwa mwaka huohuo.

Baba alinikuza akiniambia mama alifia njiani. Akaoa tena kambini, na huyo mama ndiye aliyenisomesha kwa mandazi, alfajiri yuko kwenye karai. Ukweni wanamjua yeye kama mama yangu, basi. Baba alifariki 2019. Baada ya msiba dada akanipata Facebook, ndipo nikajua mama yu hai. Sasa niambieni, huyu wa mandazi nimwondoe kwenye kiti siku ya furaha yake?

Mzee wa Ulyankulu:
Kijana, mama hafichwi. Mimi wazazi wangu walikimbia Burundi 1972, wakapelekwa Ulyankulu, pori tupu, wakalima tumbaku mpaka migongo ikapinda. Nilipotaka kuoa niliona haya kupeleka mjomba mwenye lafudhi ya kwetu, nikakodi mzee Msukuma akajifanye baba mdogo. Alipewa pombe kabla ya mazungumzo. Alipoulizwa jina la babu yangu akataja la kwake, na ukoo mzima akautiririsha. Nilitozwa faini ya mbuzi. Uraia wenyewe nikapata hati 2014, mke tayari ana wajukuu. Mheshimu mama yako.

Dagaa Mkavu:
Mzee, huyo Msukuma yupo bado? Kuna sehemu namhitaji.

Mama Wawili:
Turudi hapa. Dada kakupata baada ya 2019. Posa umepeleka lini?

Kijana wa Katubuka:
Mwaka jana.

Mama Wawili:
Kwa hiyo ulikaa mbele ya wazee wa Kasulu ukijua mama yako yu hai, ukanyamaza.

Kijana wa Katubuka:
Dada, hukuwepo pale. Mjomba wa binti ni askari, alikuwa na kikosi cha SADC upande wa Goma tangu mwaka jana, na Tanzania ilipoteza vijana kule. Yule mzee akisikia Munyamulenge anasikia waasi wa M23. Ningesema nini? Hata dada nimeshamwambia harusi imesogezwa Desemba. Huo si uongo wa kumuumiza mtu, ni wa kuvusha siku.

Mpita Ruzizi:
Nimefanya biashara Uvira miaka mingi. Munyamulenge na M23 si kitu kimoja. Wapo waliojiunga na waasi, wapo waliovaa sare za jeshi la serikali ya Kongo, na wengi zaidi ni wafugaji waliochomewa nyumba na kuporwa ng'ombe huko milimani. Mjomba mtu akiwa askari kweli atakuelewa kuliko sisi.

Nachunguza Kwanza:
Wakuu mnalishwa chai na andazi juu. Mleta uzi ana miaka 31. Tupo 2025. Mwaka 1996 alikuwa na miaka miwili. Mtoto wa miaka miwili anakumbuka harufu ya samli? Halafu Mbembe kumwoa Munyamulenge, watu waliokuwa wakigombana tangu vita vya Mulele, ule uasi wa Kongo wa miaka ya 1960! Huyu anatafuta mahali pa kuchapisha tamthilia.

Dagaa Mkavu:
Nilianza kutoa machozi kumbe ni chai. Sukari iongezwe.

Mzee wa Ulyankulu:
Kama ni uongo, mbuzi wangu ni wa kweli.

Kijana wa Katubuka:
Ndoa hizo zilikuwa chache, sikusema zilikuwa nyingi, ndiyo maana iliwagharimu. Na miaka 31 ni ya kwenye kitambulisho. Ongeza mitatu.

Nachunguza Kwanza:
Kitambulisho kipi? Umetoka Fizi, umekulia Nyarugusu, baba mkimbizi. Hicho cha NIDA umekipataje?

Dagaa Mkavu:
Mkuu futa hiyo. Uhamiaji nao wanasoma humu.

Kijana wa Katubuka:
Hilo halihusiani na uzi.

Mama Wawili:
Linahusiana vizuri sana. Cheti cha kuzaliwa kinasema mama ni yule wa mandazi, sivyo? Mjomba wa binti si tatizo. Unaogopa mama atokee ukumbini aseme kwa sauti yake kwamba alikuzalia Minembwe.

Kijana wa Katubuka:
Wewe ungefanyaje? Ukae kambini mpaka uzeeke, kutoka nje kwa kibali? Mama wa kambo aliniandikisha kama mwanawe. Kanilea, ni mwanawe. Sioni nilichoiba.

Wakili Bila Suti:
Mengine usiandike tena hapa. Tafuta mwanasheria umweleze ana kwa ana, na usisubiri mtu akuripoti. Kuhusu mama, kama bado ana hadhi ya mkimbizi, kitambulisho cha kambi hakimvushi Rusumo kihalali. Anatakiwa awe na hati ya kusafiria ya wakimbizi, na hiyo inaombwa hukohuko Rwanda. Kwa hiyo inawezekana unakosa usingizi kwa safari isiyowezekana mwezi huu.

Kijana wa Katubuka:
Anayo. Dada alimshughulikia.

Mtoto wa Ngara:
Na ile njia niliyoitaja, kabla ya Kigoma anapita Kasulu. Basi linasimama stendi, abiria wanashuka kununua ndizi. Mama mkwe wako anauza nini pale mjini?

Kijana wa Katubuka:
Ndizi.

Dagaa Mkavu:
Chai au si chai, mimi sibanduki hapa.

Mama Wawili:
Swali la mwisho, na umelikwepa tangu jioni. Binti anajua?

Nachunguza Kwanza:
Kimya. Kaenda kutunga sehemu ya pili.

Kijana wa Katubuka:
Nimetoka kuongea naye kwa simu. Kadi kaituma yeye. Alimwona dada kwenye Facebook yangu siku nyingi, anasema ile pua haiwezi kuwa ya rafiki tu. Wameongea bila mimi kujua, Desemba yangu wameicheka. Mama wa kambo naye anajua, kasema viti vya mama vinaweza kuwa viwili, ila yeye anakaa kulia. Kwa wazazi wake binti anataka twende wote wawili kabla ya Jumapili.

Nachunguza Kwanza:
Hapo kwenye pua umezidisha. Ila endelea.

Wakili Bila Suti:
Tangazo la pili ni Jumapili hii? Fomu ya parokia umeandika mama nani?

Kijana wa Katubuka:
Wa kambo. Nitapita ofisini kwa padri Jumatatu nizungumze naye.

Mama Wawili:
Jumatatu ni baada ya Jumapili, ndugu yangu. Na maparoko wengi siku hiyo wanapumzika. Nenda kesho asubuhi, misa ikiisha tu, kabla hajaingia kunywa uji.