Bustani ndogo ya mtaa, Bagamoyo: sanaa ipi ibebe kumbukumbu zetu?

Swali – Mkazi wa Bagamoyo
Habari za wakati huu, ndugu zangu. Mtaani kwetu kuna kiwanja kidogo cha wazi ambacho tumekubaliana kukifanya bustani ya kupumzikia, yenye kazi za sanaa za kuenzi historia ya hapa. Mvutano umetokea kwenye sanaa yenyewe. Wapo wanaotaka sanamu ya mtumwa aliyefungwa minyororo, kwa kuwa ndiyo picha inayowajia wageni wakisikia jina la Bagamoyo. Wengine, nikiwamo mimi, tunaona kwamba mji uliopokea misafara ya wapagazi kutoka Unyamwezi, na ambao milango yake ya nakshi ingali imesimama, una mengi zaidi ya kukumbukwa. Naomba ushauri: tuanzie wapi, na ni kazi ya namna gani itakayostahimili chumvi ya bahari?

Jibu – Mwalimu mstaafu, Unguja
Mwanangu, msiwapuuze hao wanaotaka minyororo, kwani wanasema kweli. Ila njooni kwanza Mkunazini, hapa Mji Mkongwe, mtazame kumbukumbu aliyoitengeneza mchongaji Clara Sörnäs mwaka 1998, kando ya kanisa kuu lililojengwa palipokuwa soko la watumwa, lile lililofungwa mwaka 1873. Watu watano wamesimama ndani ya shimo, mnyororo shingoni, nawe huna budi kuinamisha kichwa ili uwaone. Nimewapeleka wanafunzi pale mara nyingi, na hata waliokuwa wakipiga kelele njia nzima hunyamaza wenyewe. Uzito ule umetokana na mahali pale. Mkiinakili na kuiweka karibu na bembea za watoto, mtakuwa mmeivunjia heshima.

Wazo la wapagazi naliunga mkono kwa moyo wote. Jina la Kariakoo limetokana na kikosi cha wabeba mizigo wa Vita Kuu ya Kwanza, kwa Kiingereza «Carrier Corps», lakini anayesimama juu ya Sanamu ya Askari iliyosimikwa Dar es Salaam mwaka 1927 ni mwenye bunduki peke yake. Aliyembebea chakula na risasi hakusimamishwa naye pale juu.

Jibu – Fundi rangi, Tanga
Nami nijibu hilo la chumvi, maana limenigharimu. Niliwahi kuchora mashua kwenye ukuta wa zamani wa mawe ya matumbawe uliokuwa umepigwa lipu mpya ya saruji, na kabla ya masika ya pili rangi ilikuwa imefura malengelenge; ukiigusa kwa kidole inadondoka pamoja na unga mweupe. Saruji huufungia unyevu ndani ya jiwe la aina hiyo, ilhali lipu ya chokaa, waliyoitumia wazee wetu, huuacha utoke. Ikiwa ukuta wenu ni mpya na ni wa saruji, uacheni ukauke walau siku 28 kabla ya kupaka chochote. Picha za Tingatinga zilizochorwa kwenye hadibodi msizitundike nje kabisa, kwani ubao ule ukinywa maji huvimba.

Mimi ningechagua vigae. Hapo Kaole, jirani zenu, waliojenga makaburi ya nguzo walipachika bakuli za kaure kutoka China, na kaure haifi kwa jua wala kwa mvua. Sisemi mnakili makaburi, kwani wafu wana staha yao. Nasema kila nyumba ilete kipande cha chombo kilichovunjika, kisha fundi avipange ukutani viwe msafara wa wapagazi unaoshuka pwani.

Jibu – Aliyewahi kuwa katika kamati ya mtaa
Kabla ya kuchimba, ulizeni ofisi ya Mambo ya Kale kama kiwanja kimo ndani ya eneo linalolindwa, kwa kuwa Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 ingali inatumika. Mkubaliane pia mapema ni nani atakayefagia na kumwagilia miti. Sisi tulilisahau hilo, na mwaka wa pili mbuzi walikuwa wamemaliza kila kitu.

Mkazi wa Bagamoyo
Mwalimu, shikamoo. Nawashukuru nyote, na kesho asubuhi nitakwenda Mambo ya Kale. Habari ya vigae nilimsimulia mama jana jioni. Aliingia ndani bila kusema neno, akatoka na nusu ya sahani yenye maua ya buluu iliyokuwa ya bibi yangu, akaniuliza itabandikwa upande gani wa ukuta.