Mwasumini na mndimu vyageuka manjano tangu kaskazi ianze: tatizo ni kisima au udongo?

Mwenye Kiwanda (Lamu, Mkomani)

Assalamu alaykum ndugu zangu mnaopenda mimea.

Katika kiwanda, yaani ua wa ndani, cha nyumba yetu ya mawe hapa Mkomani nina bustani ndogo ambayo mpaka mwezi wa Oktoba ilikuwa ikinifurahisha. Ina mndimu wa miaka mitatu uliopandwa ardhini, miasumini miwili katika vyungu vilivyoegemezwa kwenye ukuta wa kibla, yaani wa kaskazini, mrehani katika debe, na mkomamanga ulio pembeni karibu na kisima. Wakati wa masika, hasa mwezi wa Mei mvua iliposhika, kila kitu kilikuwa kijani, na asumini nilizochuma jioni zilitosha kikuba cha mke wangu na nyingine za kumpelekea jirani.

Sasa tumo Desemba, kaskazi imeshika, na mambo yamegeuka. Majani machanga ya mndimu yanatoka yakiwa manjano, ila mishipa yake inabaki kijani, hata jani likaonekana kama wavu. Majani ya miasumini yanaungua nchani na pembezoni, yakawa ya hudhurungi kama karatasi iliyopitishwa motoni, kisha yanapukutika; vitumba navyo vinakauka kabla ya kufunguka. Mkomamanga hauna neno lolote, jambo linalonishangaza, kwa kuwa mimea yote inakunywa maji ya kisima kimoja.

Namwagilia kila siku baada ya alasiri, kata mbili kwa kila chungu na kata tano kwa mndimu. Maji hayo ya kisima yana munyu kidogo, lakini ya bomba tunayaweka kwa kunywa na kupikia. Wiki mbili zilizopita nilidhani mimea ina njaa, nikanunua mbolea ya chumvichumvi dukani, nikatia konzi moja katika kila chungu, na mwasumini mmoja ukapukutisha karibu majani yote kwa muda wa siku nne. Nieleze pia kwamba mwaka jana fundi alitupigia lipu mpya ya chokaa, na kifusi kilichobakia alikifukia papo hapo kiwandani.

Je, haya yote ni joto la kiangazi tu, ambalo litapita, au kuna kosa ninalolifanya? Na je, niung'oe mndimu nipande kitu kingine?

Bi Mkadi (Lamu, Langoni)

Waalaykum salaam, mwanangu. Mndimu usiung'oe, umekula miaka mitatu yako, upe nafasi.

Mimi nimeshtushwa zaidi na hivyo vyungu vya ukuta wa kibla. Katika kiwanda cha mama yangu, Mungu amrehemu, kaskazi ilipoanza kuvuma sisi watoto tulipewa kazi ya kuhamisha vyungu vyote kutoka ukuta ule na kuvipeleka wa pili, tukavirudisha kusi ilipoanza. Jua la miezi hii limelala upande wa kusini, kwa hiyo ukuta wa kibla hulitazama uso kwa uso mchana kutwa; mawe yanashika moto, na chungu kilichoegemea hapo hupikwa kama kiko jikoni. Viweke upande wa pili leo, usingoje kesho. Huo mrehani nao ukiwa unachanua, ukate vichwa vyake uviweke ndani ya nyumba vinukie, la sivyo utazeeka kabla ya Februari.

Kwa manjano ya mndimu, sisi tulitia jivu la jikoni shinani na kufukia misumari michache yenye kutu. Jaribu.

Mkulima wa Hindi (Lamu, bara)

Ndugu Mwenye Kiwanda, na Bi Mkadi kwa heshima zote.

Shauri la Bi Mkadi kuhusu ukuta ni sahihi na ningelianza nalo hilo hilo. Ila kuhusu jivu na misumari naomba ruhusa ya kupinga, na nitaeleza sababu, kwa kuwa hapo ndipo lilipo jibu la nusu ya swali.

Una magonjwa mawili yanayofanana kwa mbali, wala hayana dawa moja. Dalili za mndimu na dalili za miasumini zitazame mbalimbali. Jani changa linapotoka manjano huku mishipa yake ikiwa kijani, mti unakosa madini ya chuma. Lau ungekuwa unakosa naitrojeni, manjano yangeanza kwenye majani makuukuu ya chini, kwa sababu mti huweza kuihamisha naitrojeni kutoka jani kuukuu hadi jani changa, lakini chuma kikishaingia katika jani hakihami kwa urahisi. Chuma chenyewe kinaweza kuwamo udongoni. Kisichowezekana ni kuyeyuka, kwa kuwa udongo umejaa chokaa. Nyumba zetu ni za mawe ya matumbawe, lipu yake ni chokaa iliyochomwa kutokana na mawe hayo hayo, na fundi wako amekufukia kifusi chake penye mizizi. Katika udongo wa namna hiyo chuma hujifunga na mzizi haukipati hata kiwe kingi. Ndiyo maana misumari haisaidii: kutu ni chuma ambacho tayari kimefungika, na chokaa haikiachi kiyeyuke. Jivu ni baya zaidi, maana nalo lina tabia ya chokaa. Kwa udongo mwekundu wa bara wenye uchachu, jivu ni jambo jema, na huenda mama wa Bi Mkadi alikuwa akitumia udongo ulioletwa kwa mashua kutoka huko. Ndani ya kiwanda chenye kifusi ni kuongeza chokaa juu ya chokaa.

Ukitaka kuhakikisha, chukua konzi ya udongo kutoka chini ya mndimu, kina cha shibiri moja, uuanike ukauke, kisha uudondoshee siki au maji ya ndimu. Ukichemka na kutoa povu, chokaa ipo. Fanya vivyo hivyo na udongo wa vyungu.

Sasa miasumini. Jani kuungua nchani na pembezoni ni alama ya munyu, na hapa kosa limo katika namna ya kumwagilia kuliko katika maji yenyewe. Kata mbili za kila siku hulowesha vidole viwili au vitatu vya juu. Jua na upepo wa kaskazi huyanyanyua maji hayo kabla ya asubuhi, lakini munyu haunyanyuki, unabaki. Kesho unatia mwingine juu yake. Wakati wa masika mvua ilikuwa ikiuosha na kuuteremsha chini, kwa hiyo hukuona kitu. Kisha ukaongeza mbolea ya chumvichumvi, ambayo jina lake lilikuwa limekwisha kukuonya: nayo ni chumvi, na konzi nzima katika chungu kilichokwisha kujaa munyu huyavuta maji kutoka kwenye mzizi badala ya kumpa mmea chakula. Majani hayakupukutika kwa njaa. Mkomamanga umesalimika kwa sababu huvumilia munyu na chokaa kwa kiasi kikubwa, wakati jamii yote ya ndimu na machungwa ni dhaifu mbele ya vyote viwili.

Fanya hivi. Toboa au zibua tundu la chini la kila chungu, kiinue juu ya mawe mawili, kisha kioshe kwa maji ya bomba polepole mpaka yawe yamepita maji yenye ujazo karibu mara mbili ya chungu chenyewe. Najua ni maji mengi, lakini ni mara moja. Baada ya hapo acha kumwagilia kwa kata kila siku. Ingiza kidole udongoni. Ukikuta pamekauka mpaka kifundo cha pili, tia maji mpaka yatoke chini, kisha uache. Mndimu upe ndoo mbili za lita 20 kila baada ya siku nne au tano, ukiyazungusha mbali kidogo na shina, maana mizizi inayokunywa haiko shinani. Changanya ya kisima na ya bomba nusu kwa nusu ukiweza. Maji ya kuoshea mchele na mboga yanatoka bombani, kwa hiyo yafaa sana na ni ya bure. Ya udhu, kama mnatawadha kwa ya kisima, ni yale yale.

Juu ya udongo tandaza majani makavu unene wa vidole vinne, bila kugusa shina, ili maji yasinyanyuke upesi. Kifusi kichimbue kwa uangalifu umbali wa mkono mmoja kutoka shinani, upande mmoja sasa na upande wa pili baada ya masika, na mahali pake ujaze udongo mwekundu uliochanganywa na samadi ya punda iliyooza. Nasema iliyooza: samadi mbichi ina joto na mbegu za magugu, kwa hiyo irundike miezi mitatu na uigeuze. Punda tunao wa kutosha. Ukitaka mndimu upate nafuu ya haraka, nyunyizia majani mbolea ya chuma iliyotengenezwa kwa kunyunyizia, jioni jua likishapoa, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti. Majani machanga yatarudi kijani, lakini yatakayochipua baadaye yatakuwa manjano tena ikiwa udongo haujashughulikiwa.

Jirani wa Sabaki (Malindi)

Nakubaliana na Mkulima wa Hindi karibu kwa yote, ila nina nyongeza iliyonigharimu miche kumi na miwili ya pilipili.

Watu wengi husema utandaze makumbi ya nazi au uyachanganye na udongo wa vyungu, na kweli hushika maji vizuri. Lakini uliza kwanza yametoka wapi. Makumbi ya kusokotea kamba huzikwa kwenye mashimo ya ufukoni, yakakaa humo miezi na miezi yakilowa maji ya bahari mpaka yalainike, na chenga zake zikishapigwa zimejaa munyu hata kama zimekauka. Mimi nilijaziwa magunia mawili kwa bei nafuu, nikapanda, na baada ya wiki moja miche yote ilikuwa imeinamisha vichwa. Siku hizi huloweka chenga katika pipa la maji baridi, yaani yasiyo na munyu, nayamwaga, narudia mara tatu, na ninaonja maji ya mwisho kwa ulimi kabla ya kuamini. Mchanga wa pwani nao usiutie: una munyu, na ule weupe ni makombe na matumbawe yaliyosagika, yaani chokaa nyingine.

Sisi wa Malindi tuna bahati mbili ambazo Lamu hamna. Maji yetu ya bomba yanatoka visima vya Baricho, kando ya mto Sabaki, na udongo mwekundu wa Magarini uko karibu, unaletwa kwa mkokoteni au gari. Lamu mnategemea visima vya michanga ya Shela, ambako maji baridi hukaa juu ya maji ya bahari kama samli juu ya mchuzi. Ukiteka mno wakati wa kiangazi, ya chini hupanda. Kwa hiyo kisima chako chenyewe huenda kitaongeza munyu Januari na Februari. Weka maji yake katika sahani juani leo, yakikauka utazame ukoko uliobakia, kisha urudie mwishoni mwa Januari. Ukiona umeongezeka, uwiano wa nusu kwa nusu hautatosha kwa miasumini.

Zamani watu wa visiwa vya huko kwenu walijenga majabia ya kukingia mvua, na mengine bado yanatumika. Jabia ndani ya kiwanda ni ndoto, lakini pipa mbili chini ya mfereji wa dari kabla ya masika zingekupa maji yasiyo na munyu wala chokaa, na hayo ndiyo mwasumini unayoyataka.

Mwenye Kiwanda

Ahsanteni sana. Nimefanya majaribio na ninarudi na majibu.

Udongo wa chini ya mndimu ulichemka kwa siki kama soda. Nilipochimba shibiri moja na nusu nikakuta vipande vya lipu vikubwa kama ngumi. Udongo wa vyungu haukutoa povu hata kidogo, kwa hiyo Mkulima alisema kweli kwamba ni magonjwa mawili. Nilipovipindua vyungu niligundua pia kwamba tundu la mmoja lilikuwa limezibwa kwa saruji, sijui na nani, na huo ndio uliopukutika zaidi. Nimeuzibua, nimeviosha vyote viwili, na vimehamia ukuta wa kusini. Sahani ya kisima iliacha ukoko mweupe unaokwaruzika kwa ukucha. Ya bomba iliacha utando mwembamba tu.

Swali moja limebaki. Mwasumini ulio uchi umeanza kutoa vichipukizi vitatu, na viwili tayari vina vitumba. Niviache?

Bi Mkadi

Vitumba vitoe vyote, mwanangu, mpaka uone mti umevaa majani tena. Sasa hauna cha kulishia ua. Matawi yaliyokauka yakate mpaka penye ubichi, mabichi usiyaguse mpaka mvua za masika. Mkulima amenishinda kwa hoja ya misumari, nami jana nimeifukua ya kwangu yote. Jivu nitawapa wenye mihogo huko bara.

Na mkeo asikose kikuba kwa ajili hii. Hapa Langoni nina miasumini minne inayochanua. Atume mtoto baada ya alasiri, kabla maua hayajafunguka.