Wabunifu mliosoma nadharia, mnaitumia wapi kazini?

Kalamu_Butu:
Wakuu, habari za kazi. Nadizaini aplikesheni na tovuti, ujuzi wote nimeupatia kazini. Bosi mpya anataka kila uamuzi uwe na sababu. Nikisema "imekaa vizuri" haniachii. Nimeanza kusoma nadharia ila nyingi naona maneno matupu. Zinasaidia kweli? Nianzie wapi?

Mama_Gridi:
Usizitie zote kapu moja. Zinazohusu macho na mkono unazitumia leo leo. Chukua fomu: lebo ya "Namba ya simu" imekaa katikati ya visanduku viwili, umbali sawa juu na chini. Mtu anaandika namba kwenye kisanduku cha jina. Mwanasaikolojia Max Wertheimer alishaeleza mwaka 1923 kwamba vitu vilivyokaribiana jicho huvichukulia kama kundi moja. Isogeze lebo kwenye kisanduku chake, acha nafasi juu yake, kesi imeisha. Na sababu ya kumpa bosi unayo.

fundi_pikseli:
Ongeza mwanasaikolojia Paul Fitts, 1954: muda wa kufikia shabaha, yaani kitu unachotaka kugusa, hutegemea umbali na ukubwa wake. Ndiyo maana kitufe cha "Hifadhi" nakifanya kikubwa, karibu na dole gumba, na cha "Futa" nakipeleka mbali. Ila Fitts hatakuambia kama kitufe chenyewe kinahitajika.

Kalamu_Butu:
Hapo nimewapata. Na zile nzito, za akina Rittel?

Mzee_wa_Rasimu:
Horst Rittel na Melvin Webber, 1973, walikuwa wanazungumzia mipango ya jamii, si skrini. Hoja yao: yapo matatizo ambayo huyaelewi mpaka uanze kuyatatua. Kwa hiyo usikae kusubiri mteja akupe maelezo kamili, hana. Mpelekee rasimu mbili za harakaharaka zinazopingana. Akianza kukataa ndipo utajua anachotaka. Mwanafalsafa Donald Schön naye, 1983, aliuona ubunifu kama mazungumzo: unachora, mchoro unakujibu, unabadili. Mimi nadharia naifungua nikikwama, sianzi nayo.

fundi_pikseli:
Mzee, hapo kwenye rasimu mbili angalia. Mteja asipoambiwa mapema kuwa ni za kuulizia tu, ataidhinisha mojawapo, tena ile mbaya.

Kalamu_Butu:
😂 Yameshanikuta. Basi kesho naanza na fomu ya usajili, bosi akiuliza namtajia Wertheimer.

Mama_Gridi:
Wertheimer mwache apumzike. Tafuta mtu asiyeijua hiyo fomu, ajaze ya zamani na mpya bosi akiwa anaangalia.