Naomba ushauri: hadteli ya kwanza kwa njia za vumbi na mawe Dodoma

Ihumwa_Asubuhi

Wakuu habari zenu. Natafuta baiskeli yangu ya kwanza ya mlimani, hadteli, yaani ile yenye shokapu mbele tu na nyuma fremu kavu. Sina mpango wa kuruka ngazi wala kushuka magenge, nataka masafa: kilomita 25 hadi 40 kwa mara moja, njia za vumbi upande wa Ihumwa na Mtumba, Jumapili kuelekea Hombolo, na vinjia vya ng'ombe kwenye vilima vya mawe. Hali ya huku mnaijua: kokoto, mchanga wa makorongo, barabara yenye mawimbi, na miiba.

Urefu wangu sm 168, mguu kwa ndani sm 78, uzito kilo 62. Bajeti milioni 1.5, na helmeti imo humo humo.

A: Mpya dukani, tairi za inchi 29, gia 21, breki za diski za waya, foku (uma wa mbele wenye shokapu) ya springi. Inang'aa na chenji inabaki nzuri.
B: Mtumba kutoka Ulaya, tairi 27.5, foku ya upepo ya RockShox mm 100, gia za Shimano Deore 2x10 (sahani mbili za meno mbele, sproketi kumi nyuma), breki za mafuta. Muuzaji anataka milioni 1.1.
C: Nijikusanye miezi minne zaidi ninunue mpya ya 29 yenye sahani moja mbele.

Saizi S au M? 29 au 27.5? Na gia 21 si nyingi kuliko 20?

Fundi_Spoku

Dada, karibu. Nianze na swali la mwisho, maana ndilo linalouzia watu vyuma chakavu vyenye rangi mpya.

Idadi ya gia haikwambii kitu. Kinachokupandisha mlima ni gia nyepesi kuliko zote: gawa meno ya sahani ndogo ya mbele kwa meno ya sproketi kubwa ya nyuma. Nyingi za gia 21 zina 24 mbele na 28 nyuma, yaani 0.86. Deore 2x10 ikiwa na 24 kwa 36 inakupa 0.67. Sahani moja ya 32 na kaseti (fungu la sproketi za nyuma) inayofika 51 ni 0.63. Kwenye mlima wa kokoto, 0.86 na 0.67 ni tofauti ya kukanyaga na kushuka kusukuma. Kahesabu meno mwenyewe, usimsikilize muuzaji.

Ugonjwa mkubwa wa A uko kwenye habu ya nyuma, yaani kitovu cha gurudumu. Gia saba za bei nafuu karibu zote ni friwili, yaani fungu la sproketi la kuskrubu juu ya habu. Beringi ya kulia inakaa ndani kabisa, nyuma ya friwili, kwa hiyo kipande kirefu cha ekseli hakina kinachokishika. Mawimbi ya barabara yanakigonga kila siku, ekseli inapinda, kisha inakatika. Ukiibadilisha itapinda tena, kwa sababu kosa ni la umbo, si la chuma. Habu ya kaseti ina beringi nje, karibu na fremu, ndiyo maana inadumu. Namna ya kutambua: toa gurudumu, zungusha sproketi kinyumenyume huku ukiangalia lile tundu lenye meno la kuingizia chombo cha kufungulia. Likizunguka pamoja na sproketi, ni kaseti. Likitulia huku sproketi zinazunguka, ni friwili.

Foku ya springi ya bei ya chini ina kilo 2.5 na zaidi, na mara nyingi springi yenyewe ni ngumu mno kwa mtu wa kilo 62. Utabeba uzito wa shokapu bila kupata kazi yake. Ya upepo unaipima kwa mwili wako: vaa kila kitu unachopanda nacho, kaa, foku izame mm 15 hadi 20 kati ya 100. Ikizama zaidi ongeza upepo, ikizama pungufu punguza. Unahitaji pampu yake maalumu ndogo yenye geji. Ya tairi haifai, maana chumba cha upepo ni kidogo na ukiichomoa tu kipimo kimeharibika.

Kwangu: B kama fremu ni nzima, C kama si nzima. A hapana.

Krenki_Kavu

Naongezea moja kwenye fremu. Angalia shingo, pale foku inapoingia. Iwe ya koni: juu inchi 1⅛, chini inaongezeka hadi 1½. Foku nzuri za sasa zinatengenezwa hivyo. Shingo nyembamba iliyonyooka juu hadi chini inakufungia njia, siku ukitaka foku bora hupati ya kuingia.

Pima_Kwanza

Kwa sm 168 uko mpakani mwa S na M, kwa hiyo usinunue kwa herufi. M ya kampuni moja ni S ya nyingine.

Anza kwa kurudia kipimo cha mguu: simama peku ukutani, bana kitabu kigumu katikati ya miguu, kivute juu mpaka kigote kabisa, weka alama ukutani. Kama kweli ni 78, zidisha kwa 0.883, unapata sm 68.9. Huo ndio urefu wa siti wa kuanzia, kutoka katikati ya krenki, pale mikono ya pedali inapozungukia, hadi juu ya siti. Ukikanyaga mpaka chini, goti libaki limekunjika kidogo. Kama kiuno kinayumba kulia na kushoto, teremsha milimita tano tano.

Kisha simama ukiwa umeitanua baiskeli, viatu miguuni. Kati yako na bomba la juu ibaki nafasi ya sm 5 hivi. Kwa njia za mawe hili si pambo: utashuka ghafla ukiwa kwenye mteremko, na bomba litakukuta. M nyingi za 29 zitakubana hapo, S zitakupa nafasi.

Cha mwisho ni umbali wa mbele. Simama juu ya pedali, mikono kwenye usukani. Magoti yakikaribia kugonga usukani ukikata kona, fremu ni fupi. Mabega yakivutwa na viwiko vikinyooka, ni ndefu. Urefu kidogo unarekebishika kwa stemu (kipande kinachoshika usukani) fupi, ya mm 50 au 60 badala ya 80. Fremu fupi ni ngumu zaidi kuitibu, stemu ndefu inafanya usukani uwe mzito na kichwa kinakutangulia kwenye mteremko.

Mbigiri_Hatari

Mnajadili foku, na kwa Dodoma pancha ndiyo itakayomtoa kwenye mchezo. Mvua zikikatika, kuanzia Mei, mbigiri zinakauka na mbegu zake zinalala njiani na miiba juu. Ongeza miiba ya migunga kwenye vinjia vya ng'ombe. Ukiwa na tyubu za kawaida, safari moja inaweza kukupa matundu matatu kwenye gurudumu moja.

Dawa yake ni tyubulesi, yaani tairi lisilotumia tyubu. Masharti ni rimu inayokubali (imeandikwa ubavuni au kwenye kibandiko chake), tairi lenye maandishi ya "tubeless ready", tepu ya rimu iliyo pana kiasi cha kufika kingo zote mbili, valvu zake, na dawa ya maji ya kuziba. Kwa tairi la 29 x 2.25 weka ml 90 hadi 110, kwa 27.5 ml 80 hadi 100. Wengi wanaweka ml 60 wakibana matumizi, halafu wanasema tyubulesi ni uongo.

Joto na ukavu wa huku vinaikausha dawa haraka. Kila miezi miwili chomoa kiini cha valvu, tumbukiza kijiti chembamba. Kikitoka kikavu, ongeza ml 60. Ukitikisa gurudumu ukasikia kitu kinagongagonga badala ya maji, dawa imeganda kuwa mpira.

Mwiba ukiingia njiani, uchomoe, zungusha gurudumu, kisha tundu lilale chini kama dakika moja ili dawa ikusanyike pale. Tundu lisilozibika, chomeka kamba ya kuzibia. Bado ubebe tyubu moja ya akiba, na kabla ya kuitia pitisha vidole ndani ya tairi lote polepole. Mwiba uliovunjikia ndani ya mpira hauonekani kwa nje na utatoboa tyubu mpya kabla hujafika barabarani.

Upepo kwa kilo 62 na tairi la 2.25: tyubulesi, mbele psi 18 hadi 20, nyuma 20 hadi 22. Ukiwa na tyubu usishuke chini ya 26, tyubu itabanwa kati ya jiwe na rimu na kupata matundu mawili sambamba. Mafundi wetu wamezoea kujaza mpaka tairi liwe jiwe. Kwenye mchanga wa korongo tairi hilo linachimba tu.

Ihumwa_Asubuhi

Asante sana, Mbigiri umenitisha kidogo 😅. Kuhusu 29 na 27.5? Na nikiharibikiwa mbali, vifaa vya kawaida vya mtaani vitanifaa?

Mbigiri_Hatari

29 inapita mashimo na mawe kwa ulaini zaidi na ikishashika kasi haipotezi upesi. 27.5 ni nyepesi kuiondosha na inakaa vizuri kwenye fremu ndogo. Kwa urefu wako zote zinafaa. Usiikatae fremu nzuri kwa sababu ya gurudumu.

Kuhusu dharura, hesabu ni ya kipenyo cha rimu. 29 ni mm 622, sawa na 700C. Tairi la 28 la Phoenix, lile la 28 x 1½, ni mm 635, halikai kamwe. Tyubu yake inanyumbulika, ingekusaidia, ila rimu nyingi nzuri zina tundu dogo la mm 6.5 la valvu nyembamba ya Presta, na valvu ya tyubu hiyo haipiti. Usikubali fundi akutanulie tundu kwa msumari. 27.5 ni mm 584, na tyubu ya 26 inaweza kuingia kwa shida ikakufikisha nyumbani, lakini tundu la valvu ni kizuizi kilekile. Beba tyubu zako zenye Presta, na kile kiunganishi kidogo cha shaba cha kujazia kwenye pampu za magari. Ni kidogo kuliko kifuniko cha chupa; kifunge kwenye valvu moja kisipotee.

Mchanga_Mwekundu

Nitofautiane kidogo na wakuu. Kama mtumba hauaminiki na hawezi kusubiri, bora baiskeli yenye foku kavu isiyo na shokapu kabisa, habu za kaseti na tairi la 2.35, kuliko A. Foku kavu haina cha kuharibika kwa vumbi, na tairi pana lenye upepo mdogo linameza mengi.

Fundi_Spoku

Nakubali kwa barabara ya vumbi. Kwenye vilima vya mawe viganja vitamsema.

Ihumwa_Asubuhi

Kesho naenda kuiona B. Nikague nini?

Fundi_Spoku

Nenda mchana, ubebe kitambaa, rula yenye inchi, na spana za L za mm 4, 5 na 6.

Futa vumbi kwanza. Nyufa za alumini zinaanzia kwenye maungio: chini ya shingo bomba la chini linapoingia, kuzunguka krenki, na juu bomba la siti lilipopasuliwa. Mstari mwembamba wa rangi unaofuata weldi, pitisha ukucha. Ukucha ukikwama, ondoka. Hiyo haichomelewi ikawa salama.

Legeza siti na uichomoe yote. Isipotoka, alumini imeshikana na fremu, na kuitoa ni kazi ya siku nzima.

Foku: tazama miguu inayong'aa, hasa nyuma. Mkwaruzo unaoshika ukucha unakata sili, kisha vumbi linaingia na mafuta yanatoka. Ibonyeze mara kumi. Iteremke na kurudi bila kukwama, na pasibaki pete nene ya mafuta.

Kamata breki ya mbele, sukuma baiskeli mbele na nyuma kidole kikiwa kwenye shingo. Mchezo ukisikika pale, beringi za shingo zimelegea au zimekufa. Shika mikono ya krenki, itikise upande kwa upande. Fanya hivyo kwa magurudumu nayo. Bana spoku mbilimbili kuzunguka, zinazolegea mkononi zinaonyesha gurudumu limechoka.

Mnyororo: sifuri ya rula katikati ya pini, soma kwenye inchi 12. Mzima, pini inaangukia 12 kamili. Ikipita kwa 1/16, badilisha mnyororo. Ikipita kwa 1/8, kaseti nayo imekwenda.

Breki: bana lever kwa nguvu uhesabu kumi. Ikizama hadi kwenye usukani kuna hewa au uvujaji. Magurudumu yakiwa yametolewa usiibane kabisa, pedi zitakutana na hutaweza kurudisha diski.

Ihumwa_Asubuhi

Nimerudi. Fremu safi, siti imetoka, shingo ni ya koni, foku inateremka vizuri na haina mikwaruzo. Nafasi chini yangu kama sm 6. Mnyororo umepita 12 kwa zaidi ya 1/8. Breki ya nyuma (Shimano) inafika kwenye usukani. Tairi zimechakaa ubavuni. Amekubali laki tisa na nusu.

Fundi_Spoku

Chukua. Mnyororo wa gia 10 na kaseti ya 11-36 vifungwe siku moja. Ukifunga mnyororo mpya juu ya kaseti iliyolika utaruka meno ukikanyaga kwa nguvu mlimani. Sahani za mbele ziangaliwe, kama meno yamechongoka kama papa nazo zinaondoka.

Breki ya nyuma inatolewa hewa kwa mafuta ya madini ya Shimano tu. Akikuletea fundi mafuta ya breki za gari, mkatalie. Yanavimbisha mipira ya ndani na unaishia kununua breki nzima. Pedi zikilowa mafuta yoyote, badilisha, kuzisugua ni kujidanganya. Pedi ikibakiza mm 0.5 nayo imeisha.

Laki tano na nusu iliyobaki, mpangilio wangu ni huu: helmeti, kaseti na mnyororo, breki, tairi mbili na dawa, kisha pampu ya foku. Pesa ikikata kabla ya tyubulesi, nunua tyubu zenye kiini cha valvu kinachochomoka, tia ml 60 za dawa ndani ya kila moja, utaendelea nayo mpaka mshahara.

Krenki_Kavu

Na ukibadilisha pedali, ya kushoto inafunguka kinyume na ya kulia. Paka grisi kwenye nyuzi kabla ya kuirudisha. Skrubu za stemu kwa kawaida hukazwa kwa Nm 5. Mafundi wengi wanazikaza kama nati za gari, na usukani unaanza kupata ufa pale pale ulipobanwa.