Mwalimu wa tuisheni amemkosesha binti yangu sentensi aliyopatia!

Wakuu, nina hasira na leo nasema. Binti yangu yuko kidato cha pili. Shule ya msingi alisoma kwa Kiswahili, alipoingia sekondari akakuta karibu masomo yote ni Kiingereza, kikaanza kumpiga chenga. Nikamlipia tuisheni ya jioni miezi 3, hela ya kushona nguo za watu usiku. Jana kaniletea daftari. Kurasa 4 zimejaa kosa, kosa, kosa kwa wino mwekundu, maelezo hakuna hata mstari mmoja.

Sentensi ya kwanza: "Please borrow me your pen." Akauliza kakosea wapi, akajibiwa kwamba "borrow" ni kuazima, "lend" ni kuazima, kariri. Sasa hapo mtoto ameambulia nini? Sisi tunasema "nimeazima kalamu" na "niazime kalamu", kitenzi kilekile, tunaelewana. Kiingereza kimewagawia wawili kazi hiyo: anayechukua ana "borrow", anayetoa ana "lend". Basi! Hiyo ni dakika 2 za kufundisha.

Kaandika tena "Remember me to buy sugar." Ni kosa, sikatai. Lakini mtoto huyu tangu ana miaka 3 anajua kukumbuka si kukumbusha. Kumbuka ni "remember", kumbusha ni "remind". Inuka ni "rise", inua ni "raise". Lala ni "lie", laza ni "lay". Sisi tunageuza mwisho wa neno, wao wanaleta neno jingine. Mwalimu ni Mswahili mwenzetu, kakulia hapahapa, kaandika "rise" na "raise" ubaoni na asitamke inuka wala inua!

Kilichonitoa machozi ni hiki. Binti kaandika "Yesterday she lay on the bed." Kakatwa, kaandikiwa "lied". Jamani! "Lied" ni alidanganya. "Lie" ya kulala, wakati uliopita inakuwa "lay", inafanana na ile ya kulaza, na ndiyo maana inasumbua watu wengi. Nimefungua kamusi mara 2 nisije nikamsingizia mtu. Mtoto alipatia, na mbele ya wenzake akaambiwa hajui.

Juu ya hayo kapewa orodha ya vitenzi 80 vya aina ya "put off", "put on", "put out", akariri mpaka Jumatatu, bila sentensi hata moja ya mfano. Sisi tunazima moto, tunazima taa, zima ni ileile. Kwao moto ni "put out", taa ni "turn off", na "put off" ni kuahirisha. Mtoto asipoonyeshwa neno likiwa na kitu chake, atalishika na nini? Ndiyo maana anaandika "put off the fire", na moto unaahirishwa.

Nilimpigia simu mwalimu kwa adabu kabisa. Akaniambia, "Mama, wewe shona, mimi nifundishe."

Nimeshamtoa binti, na hela ya mwezi wa 3 naidai. Lakini kabla ya hela nataka ile sentensi ya "lay" ipigwe vema, mbele ya wanafunzi walewale walioiona ikikatwa.